Mkutano wa kanisa kwa simu: nani anabaki nje, na kwa nini?

Tangu mwezi wa kwanza wa 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, na Bukavu mwezi uliofuata, kazi nyingi za kanisa katika mashariki ya nchi yetu zimehamia kwenye simu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, mabanki ya mji yakafunga milango, na barabara ambazo wachungaji walizoea kupita kwenda kwenye mikutano zikakatwa na mstari wa vita. Kamati ambazo zilikuwa zikikaa pamoja katika ukumbi wa parokia sasa zinakutana kwa WhatsApp, Zoom au Google Meet. Wakristo waliokimbilia Burundi wanafuata mazishi ya ndugu zao kwa simu kwa sababu hawawezi kufika kaburini.

Kila aliyeshiriki mikutano ya namna hii anajua malalamiko yake. Mmoja anasikika vizuri, mwingine anakatika-katika, wa tatu anaona picha iliyoganda, wa nne hawezi kuingia kabisa. Kwa kawaida tunasema neno moja tu: "Rezo ni mbaya." Mara nyingi ni kweli. Lakini rezo si sababu pekee. Kuna jambo linalofanyika kabla mtu hajasema halo: simu zenyewe zinapatana zitumie lugha gani. Mapatano hayo yakienda vibaya, au yakielekea upande wa wenye nguvu tu, kuna mzee wa kanisa atakayebaki nje hata kama rezo yake si mbaya sana. Kwa sababu maamuzi ya kanisa yanafanyika siku hizi katika mikutano hiyo, kubaki nje ni kukosa sauti katika kanisa. Ndiyo maana jambo hili linatuhusu.

Sauti inavyokunjwa na kukunjuliwa

Sauti ya mtu haipiti kwenye intaneti kama ilivyo. Simu inaipima mara maelfu kila sekunde, inaigeuza kuwa namba, kisha inazikunja namba hizo zichukue nafasi ndogo. Simu ya upande wa pili inazikunjua na kuzirudisha kuwa sauti. Njia ya kukunja na kukunjua ndiyo inayoitwa kodeki. Njia ni nyingi, na aliyekunjiwa kwa njia asiyoijua hawezi kukunjua.

Kodeki ya zamani inayotumika hata leo inaitwa G.711. Ilikubaliwa mwaka wa 1972 kwa ajili ya simu za waya. Inapima sauti mara 8,000 kila sekunde, na inatumia kilobiti 64 kila sekunde. Karibu kila mtambo wa simu duniani unaijua, lakini ni nzito kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo.

Mwaka wa 2012 ilitokea nyingine inayoitwa Opus. Wahandisi waliunganisha kazi mbili: moja iliyotoka Skype kwa ajili ya maneno, na nyingine iliyotoka kwa watu wa Xiph.Org kwa ajili ya muziki. Opus inaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde rezo ikiwa dhaifu, na kupanda hadi 510 njia ikiwa pana. Tena inatolewa bure kwa yeyote. Leo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya intaneti.

Kwa picha kuna H.264 ya mwaka wa 2003, VP8 ambayo Google iliifungulia watu wote mwaka wa 2010, na mpya zaidi kama AV1 ya mwaka wa 2018. Kadiri kodeki ilivyo mpya, ndivyo inavyokunja picha vizuri zaidi, lakini pia ndivyo inavyodai simu yenye nguvu zaidi.

Pendekezo na jibu

Mshi na Mnande wakikutana sokoni Goma hawaanzi kwa kubishana. Kila mmoja anajua lugha kadhaa. Wanatafuta ile wanayoijua wote wawili, na kwa kawaida inakuwa Kiswahili. Simu nazo zinafanya vivyo hivyo.

Kanuni ya mapatano hayo iliandikwa mwaka wa 2002 na IETF, chama cha wahandisi wanaotunga kanuni za intaneti. Inaitwa kanuni ya pendekezo na jibu. Simu inayoita inatuma orodha: kwa sauti ninajua Opus, tena G.711, kwa picha ninajua VP8, tena H.264. Majina yamepangwa kufuata inachopenda kwanza. Simu inayoitwa inasoma orodha, inaondoa zile isizozijua, na inarudisha jibu. Zinazobaki katika orodha zote mbili ndizo zitakazotumika. Mara nyingi kazi yote hii haimalizi hata sekunde moja.

Mambo matatu katika kanuni hii yanafaa kuangaliwa vizuri.

La kwanza: kukosa kupatana juu ya jambo moja hakuvunji mengine. Kama hakuna lugha moja ya picha ambayo wote wawili wanaijua, simu inayojibu inafunga mlango wa picha tu. Katika maandishi ya kanuni, mlango huo unapewa namba 0. Mlango wa sauti unabaki wazi na mazungumzo yanaendelea.

La pili: mapatano yanaweza kurudiwa katikati ya mazungumzo. Mtu akiwasha kamera, au akiizima, simu yake inatuma pendekezo jipya. Na pande zote mbili zikituma pendekezo kwa wakati mmoja, zingegongana. Kwa hiyo wataalamu wameshauri kwamba upande mmoja uwekwe tangu mwanzo kuwa "mpole", na ndilo jina walilolitumia wenyewe. Upande mpole unaondoa pendekezo lake, unajibu la mwenzake kwanza, kisha unarudia lake baadaye.

La tatu: anayejua lugha chache ndiye anayeamua. Simu mpya yenye kodeki kumi ikikutana na simu ya zamani yenye kodeki mbili, zitazungumza kwa mojawapo ya hizo mbili. Mwenye nyingi anashuka. Mwenye chache hawezi kupanda. Kama mwenye nyingi hakubali kushuka, hakuna mazungumzo.

Ugomvi uliochukua miaka

Jambo hilo la tatu ndilo lililoleta ugomvi mkubwa kati ya makampuni. Mwaka wa 2011 Google ilitoa bure programu ya WebRTC, inayowezesha watu kupigiana simu za sauti na picha ndani ya Chrome au Firefox bila kuweka kitu kingine. Google Meet na Jitsi Meet zimejengwa juu ya msingi huo. Swali likawa: ni lugha gani ambayo kila mashine italazimika kuijua, ili pasiwe na wawili wanaokutana na kukosa hata lugha moja?

Kwa sauti walikubaliana bila taabu kubwa: Opus na G.711. Opus kwa sababu ni nzuri na ya bure, G.711 kwa sababu ndiyo daraja la kwenda kwenye mitambo ya simu za kawaida.

Kwa picha hawakukubaliana. Upande mmoja ulitaka H.264. Ilikuwa tayari ndani ya simu nyingi na kamera nyingi, lakini ina hati za haki ya uvumbuzi, na anayeitumia katika bidhaa yake anaweza kudaiwa malipo. Upande wa pili, wakiwemo Google na Mozilla, ulitaka VP8, kwa sababu watengenezaji wa programu za bure hawawezi kulipia kila nakala wanayogawa. Lakini mwaka wa 2013 Nokia ilisema kwamba VP8 nayo inagusa haki zake. Kila upande ukawa na sababu ya kuogopa lugha ya mwenzake.

Mwezi wa kumi 2013 kampuni ya Cisco ilitangaza kwamba itatoa programu ya H.264 bure na kulipa yenyewe gharama ya haki, na Mozilla ikasema itaitumia. Hata hivyo, wahandisi walipokutana Vancouver, Canada, mwezi uliofuata, hawakupatana. IETF haina desturi ya kupiga kura. Watu wanavuma kwa midomo iliyofungwa, na viongozi wanasikiliza upande gani una mvumo mkubwa. Siku ile hawakusikia nia moja.

Ilichukua mwaka mwingine. Mwezi wa kumi na moja 2014 walipokutana Honolulu walikubali njia ya kati: programu za kufungulia intaneti zitajua zote mbili, VP8 na H.264. Hakuna aliyepata yote aliyotaka, na kila mmoja alibeba mzigo wa lugha ya mwenzake. Kanuni hiyo ilitolewa rasmi mwaka wa 2016.

Kwa msomaji wa Butembo au Uvira, ugomvi huo wa mbali unaweza kuonekana kama mambo ya matajiri. Lakini bila kanuni hiyo, kila kampuni ingekuwa na lugha yake ya picha, na mwenye simu ya bei ndogo angefika mlangoni na kuambiwa kwamba hapa hatusemi lugha yako. Kanuni ya lugha ya lazima ndiyo inayomfungulia.

Mahali ambapo mnyonge bado anaachwa

Kanuni hiyo haitoshi, kwa sababu nne.

Kwanza, haizifungi programu zote. WhatsApp na Zoom zinapanga mambo yake ndani ya nyumba zao. Mwaka wa 2024 Meta, yenye WhatsApp, ilitangaza kodeki ya sauti inayoitwa MLow, iliyotengenezwa hasa kwa simu zenye nguvu ndogo na rezo dhaifu. Ni habari njema kwa watu kama sisi. Lakini ni mali ya kampuni moja, na faida yake inabaki kwa wale waliomo ndani ya programu zake. Na mlango wa programu hizo unasogea: kufikia 2025, simu ya Android iliyo chini ya toleo la 5 haikubaliki tena kwenye WhatsApp. Mwenye simu hiyo hafiki hata kwenye mapatano.

Pili, kujua lugha si sawa na kuweza kuisema muda mrefu. Simu nyingi zina sehemu maalumu ndani ya chipu ya kukunjua H.264, na inafanya kazi hiyo bila kuchoka. Ikipewa kodeki ambayo haina sehemu yake maalumu, kazi yote inaangukia ubongo mkuu wa simu. Simu inapata moto, betri inaisha, na picha inaganda. Mahali ambapo watu wanalipa ili kuchajisha simu, saa moja ya picha ina bei mbili: mega na moto wa betri.

Tatu, mkutano wa watu wengi haufanani na simu ya watu wawili. Kila kamera inayowashwa inaongeza mzigo kwa anayepokea. Aliye mjini mwenye Starlink, ambayo ilipewa ruhusa katika nchi yetu mwezi wa tano 2025, haoni tofauti. Aliye kijijini ndiye anayeiona.

Nne, mapatano ya mwanzo yanachagua lugha tu. Hayaongezi upana wa njia. Rezo ikipungua katikati ya mkutano, programu nzuri inashusha kiasi cha picha, kisha sauti. Lakini wengi wetu tukiona picha inaharibika tunatoka na kuingia upya, na tunarudia mzigo uleule.

Hesabu ya mega

Tuchukue sauti ya Opus kwa kilobiti 16 kwa sekunde, kiasi kinachotosha maneno kusikika vizuri. Kila kipande cha sauti kinachotumwa kinavaa "bahasha" yenye anwani, na bahasha hiyo ina baiti 40. Vikitumwa vipande 50 kwa sekunde, bahasha peke yake inafika kilobiti 16 nyingine. Yaani bahasha ina uzito sawa na barua. Jumla ni kilobiti 32 kwa sekunde, karibu mega 14 kwa saa kwenda, na nyingine 14 kurudi ikiwa pande zote zinatuma wakati wote.

Picha ya kawaida ya kilobiti 500 kwa sekunde, bila kuhesabu bahasha, inakula mega 225 kwa saa upande mmoja, na 450 kwa pande zote mbili. Kwa hiyo saa moja ya picha ni zaidi ya saa kumi na tano za sauti. Katibu anayesema "washeni kamera zote tuonane" ametoza mchango ambao hakuna kamati iliyoupitisha, na anayelipa zaidi ni mwenye kidogo.

Korali na siri

Wengi wanauliza kwa nini mahubiri yanasikika lakini korali inasikika kama watu walio ndani ya pipa. Jibu liko kwenye kodeki. Njia ya simu ya waya ilitengenezwa kwa maneno tu. Inaacha sauti za chini sana na za juu sana. Opus nayo ikishushwa sana inatumia sehemu yake ya maneno, na programu nyingi zinahesabu ngoma na makofi kuwa kelele za kufutwa. Si kosa la waimbaji. Ni afadhali wimbo urekodiwe na kutumwa kama faili kabla ya ibada, kuliko kuimbwa ndani ya mkutano.

Swali lingine linaulizwa kwa sauti ya chini: je, mazungumzo yetu yanasikilizwa? Mapatano ya kodeki si mapatano ya siri. Ufunguo wa siri unapangwa peke yake. Tangu 2016 WhatsApp inafunga ujumbe na simu kwa ufunguo ulio kwa wahusika tu. Hata hivyo, mwaka wa 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani walionyesha kwamba, kodeki ikituma vipande vikubwa na vidogo kufuata maneno, mtu anayepima ukubwa wa vipande anaweza kutambua baadhi ya sentensi bila kufungua siri. Kwa hiyo wahandisi walitoa onyo na mashauri. Kwetu hatari ya karibu zaidi ni simu yenyewe kushikwa, au mtu asiyejulikana kuwa ndani ya kundi. Jambo la kuhatarisha maisha ya mtu lisijadiliwe katika mkutano wa watu thelathini, hata kama siri ya programu ni imara.

Kanisa lifanye nini

Paulo alipowaandikia Wakorintho, katika sura ya 14 ya barua ya kwanza, hakukataza lugha. Alidai kwamba kinachosemwa mbele ya kusanyiko kieleweke na wote, na pasipo mfasiri, mnenaji anyamaze. Kipimo chake kilikuwa ni kujengwa kwa aliyekaa pembeni, si uwezo wa anayesema. Kipimo hicho kinatosha kwa mikutano yetu ya simu.

Kwa hiyo tunapendekeza haya kwa kamati za parokia na jumuiya:

1. Sauti iwe ndiyo desturi. Kamera iwashwe na msemaji peke yake, na kwa jambo linalohitaji kuonekana, kama mahesabu au karatasi. Wanaosikiliza wazime maikrofoni; programu nyingi zinapunguza mega mtu akinyamaza.

2. Kabla ya kuchagua programu, kamati iulize ni nani mwenye simu dhaifu kuliko wote, na ijaribu programu hiyo kwenye simu yake. Ikifanya kazi kwake, itafanya kazi kwa wote.

3. Mwenye simu ya vibonye asisahauliwe. Baadhi ya programu za mkutano zinatoa namba ya kupiga kwa simu ya kawaida, na ndipo ile G.711 ya mwaka wa 1972 inapofanya kazi yake ya daraja. Pasipo namba hiyo, ndugu mmoja ampigie kwa simu ya kawaida na kuweka simu mbili karibu karibu. Sauti haitakuwa nzuri, lakini mzee atakuwa ndani ya mkutano.

4. Uamuzi usipitishwe kabla ya walioanguka kwenye rezo kupewa nafasi. Katibu atume muhtasari kwa sauti ya dakika mbili au tatu, asubiri majibu hadi kesho yake, ndipo aandike kwamba wote wamekubali.

5. Mega za mkutano ziingizwe katika bajeti ya kanisa kama vile nauli ilivyokuwa ikiingizwa. Zamani hatukumwambia mzee wa Walikale aje Goma kwa miguu.

Hakuna pendekezo kati ya haya linalohitaji fundi. Mashine zimeandikiwa kanuni kwamba mwenye lugha nyingi ashuke kwa mwenye chache, na kwamba picha ikishindikana sauti isikatwe. Nasi tunaoongoza mikutano tukiweka kanuni kama hiyo katika kamati zetu, wale ambao vita vimewatenga kwa barabara hawatatengwa mara ya pili na ndugu zao wenyewe.

Bwana awalinde walio njiani, walio kambini na walio mbali na nyumba zao, na atupe masikio ya kuwasikia.